Punda asiye na masikio

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unasema mwenzako wa chumbani huko Doha, kijana wa Kerala, India, amekusimulia hadithi ya kima na mamba, ukakuta ni ile ile ya bibi yako, ya kima na papa. Sasa wauliza: nani kamwibia mwenziwe?

Mwizi hayupo. Ila hadithi ni moja, na shahidi wangu ni punda.

Papa kumbeba kima baharini ili moyo wake umponye sultani mgonjwa, na kima kumdanganya kwamba moyo kauacha mtini, hilo watu wawili wasiojuana wanaweza kulibuni. Lakini kumbuka mwisho wake. Kima yuko juu ya mkuyu, papa anambembeleza ashuke tena, naye anamtolea kisa cha punda wa dobi: aliponea chupuchupu makuchani mwa simba, sungura akamrubuni, akarudi, akaliwa. Sungura akala moyo na masikio kimyakimya. Simba alipoviulizia akajibiwa, huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angerudi? Basi katika Panchatantra, kitabu cha kale cha hadithi za Wahindi, yumo punda huyo huyo, na masikio hayapo vilevile. Huko aliyeyala ni mbweha. Hiyo si bahati nasibu, mwanangu.

Ibn al-Muqaffa aliitia hadithi hiyo katika Kiarabu karne ya 8, kwenye kitabu cha Kalila wa Dimna, na humo rafiki wa kima ni kobe. Korea, mahali pa kima yupo sungura, na kinachotafutwa ni ini. Kwetu ilikwishakuwa ya Kiswahili kabisa mwaka 1870, mmishonari Mwingereza Edward Steere alipoichapisha pamoja na nyingine alizozikusanya Unguja. Bahari ile ile iliyoleta vitambaa na mchele, ungetaka iache hadithi bandarini?

Bibi yako hayo hakuyajua. Yeye alijua kuitumia. Ulikuwa mdogo, yule mnunuzi wa nazi alipochukua mzigo wetu kwa mkopo asilipe. Mwaka wa pili akaja tena, kanzu imenyooka, maneno asali. Bibi alikuwa barazani anasuka ukili, hata uso hakuinua.

"Nenda zako baba, mimi si punda wa dobi."

Yule bwana akacheka. Kisha akanyamaza, maana naye alikuwa mtoto wa pwani, kalelewa kwa hadithi hiyo hiyo. Akavaa makubadhi yake akaondoka. Mimi ningegombana naye hadi magharibi, na huenda nazi angezipata.

Juzi umeme ulikatika, nikamsimulia mwanao. Paukwa, pakawa, tukaenda vizuri, hata papa alipoondoka mikono mitupu akanikatiza: "Bibi, na yule sultani wa papa aliyekuwa mgonjwa, alipona?" Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza. Kwa kina mwenzako aliyeutaka moyo ni mke wa mamba. Hebu muulize, yeye aliishia wapi? Mtoto anasubiri jibu.

Mama yako