Msumeno wa meza unanirushia vipande vidogo, nivishikeje?

SWALI: Habari fundi, nina kikarakana changu nyumbani natengeneza vijisanduku na fremu, shida yangu ni vile vipande vya kuungia, vijiti na kabari za sentimita 3 au 4 hivi. Nikikata kwenye msumeno wa meza vinaruka, juzi kimoja kimenipita karibu kabisa na sikio. Nivishikeje?

JIBU: Salama ndugu yangu, pole sana. Vipande hivyo usivishike kabisa! Mimi mbao ikishakuwa fupi kuliko sentimita 15 mkono wangu hauisogezi kwenye bledi inayozunguka, hata kazi iwe na haraka vipi. Anza na mbao ndefu, irande upate upana na unene unaotaka, halafu vipande vitoke mwisho kabisa huku wewe umeshika upande mrefu.

Kuruka kwenyewe nadhani kunatokana na fensi, ile reli ya pembeni inayokaa sambamba na bledi, unaitumia kupimia urefu sindiyo? Kipande kikishakatika kinabaki kimebanwa kati ya fensi na bledi, kikikaa upande kidogo tu yale meno ya nyuma yanayopanda juu yanakidaka na kukutupia wewe. Sasa fanya hivi, chukua kibao cha unene wa sentimita 2 kibane kwa klampu kwenye fensi, upande wako, kiishie kabla ya bledi. Unataka vipande vya sentimita 4? Weka fensi sentimita 6 kutoka kwenye bledi, gusisha ncha ya mbao kwenye kibao, kisha isukume na ile geji ya kukatia mkingamo, ile inayoteleza kwenye mfereji wa meza. Ikifika kwenye bledi ile ncha imeshaachana na kibao, kipande kinakatika na kubaki na nafasi yake. Usikitoe kwa kidole, zima mashine usubiri bledi isimame kabisa. Miwani vaa, glavu vua, maana bledi ikidaka kitambaa inavuta na mkono.

Ila kama ni vijiti vichache, mashine ya nini jamani, msumeno wa mkono wenye meno madogo unatosha na mkato unatoka safi. Cha kushikia kazi, chukua kibao kingine, pigilia kipande cha ubao chini yake kijishike kwenye ukingo wa meza, na kipande kingine juu cha kuegemezea kazi, basi. Kikizidi kidogo unamalizia na patasi kali, kazi ikiwa imebanwa na mikono yote miwili iko nyuma ya makali.