Wasomaji Wanauliza: Albamu ya Pili ya Paramore

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga gitaa katika bendi ya vijana hapa Morogoro. Albamu yetu ya kwanza imekwisha kutoka, na sasa kila tunayekutana naye anatuonya kwamba ya pili ndiyo inayozamisha bendi. Katika toleo lililopita uliitaja Riot! ya Paramore, bendi ya roki ya Marekani, kuwa albamu ya pili iliyoishinda ya kwanza kwa mbali. Naomba utueleze waliwezaje, maana nao walikuwa vijana wadogo kama sisi.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, wanaowaonya wana sababu. Albamu ya kwanza hubeba nyimbo zilizotungwa kwa miaka, zikapigwa mbele ya watu na kuchujwa hadi zikabaki zile zenye nguvu, lakini ya pili hudaiwa haraka, tena na watu ambao muda wao mwingi unaishia njiani na jukwaani. Hapo ndipo methali ya mgema na tembo lake hutimia kwa bendi nyingi. Kwa Paramore haikutimia, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba walikuwa bado hawajasifiwa vya kutosha. Albamu yao ya kwanza, All We Know Is Falling, ilitoka Julai 2005 bila kishindo kikubwa, na katika Warped Tour ya mwaka huo, ziara ya bendi nyingi za roki, hawakupewa majukwaa makuu. Walipiga kwenye jukwaa dogo lililotengwa kwa ajili ya wasanii wa kike. Kwa hiyo waliporudi studio mwanzoni mwa mwaka 2007 walikuwa na mazoezi mengi mwilini, na hawakuwa na sifa kubwa ya kuilinda.

Umri wao ni jambo la kustaajabisha hata leo. Mwimbaji Hayley Williams alikuwa na miaka 18, mpiga gitaa Josh Farro miaka 19, na mdogo wake Zac, mpiga ngoma, miaka 16 tu. Mpiga besi, Jeremy Davis, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Walitoka Franklin, mji ulio karibu na Nashville katika jimbo la Tennessee, wakaenda kurekodi New Jersey na prodyuza David Bendeth, ambaye alikuwa amezoea bendi zenye magitaa mazito. Uzito huo unasikika, lakini kinachonivutia mimi zaidi ni jinsi walivyojifunza kuunyamazisha pale inapobidi.

Kwa kuwa wewe ni mpiga gitaa, sikiliza kwa makini Crushcrushcrush, wimbo mmojawapo wa Riot!. Katika beti, gitaa linabanwa na kuacha nafasi kubwa, ngoma ndiyo inayosukuma wimbo, na jina la wimbo linanong’onwa kana kwamba mtu anasema siri sikioni. Kisha kiitikio kinafunguka, magitaa yanaingia kwa pamoja na sauti ya Williams inapanda juu yake bila kufunikwa. Nguvu ya kiitikio hicho imetokana na subira ya ubeti uliokitangulia. Katika albamu ya kwanza vijana hawa walikuwa na hasira ileile na kasi ileile, lakini tofauti za namna hii kati ya sehemu na sehemu hazikuwa bayana kiasi hiki. Nyimbo za Riot! ziko 11 na zote kwa pamoja hazifikii dakika 40, jambo ambalo nanyi mnapaswa kulitafakari kabla ya kujaza albamu yenu nyimbo 18.

Riot! ilitoka Juni 2007, ikaingia katika Billboard 200, orodha ya albamu zinazoongoza Marekani, ikiwa nafasi ya 20, baadaye ikapanda hadi nafasi ya 15. Mwaka uliofuata bendi ilishindania tuzo ya Grammy ya msanii mpya bora, tuzo iliyochukuliwa na mwimbaji Mwingereza Amy Winehouse.

SWALI: Mhariri, nimesikia kwamba katika Paramore ni mwimbaji peke yake aliyekuwa na mkataba na kampuni ya kurekodi. Je, ni kweli?
Msomaji, Bukoba

JIBU: Ni kweli. Kampuni ya kurekodi ya Atlantic ilimsaini mwimbaji huyo, Hayley Williams, mwaka 2003, akiwa na miaka 14, kwa nia ya kumfanya mwimbaji wa pop wa kujitegemea. Yeye alishikilia kwamba atafanya kazi na bendi, na albamu zikatolewa kupitia Fueled by Ramen, lebo ndogo iliyoanzia Florida, ambayo vijana wa roki waliiamini. Msimamo wake ulikuwa wa heshima, lakini karatasi ilibaki na jina moja. Ndugu wawili Farro walipojitoa Desemba 2010, suala hilo lilikuwa miongoni mwa malalamiko waliyoyatoa hadharani. Zac alirejea mwaka 2017, Josh hakurejea. Namwomba na yule ndugu wa Morogoro alisome jibu hili, kwani jambo la nani ametia saini huzungumzika kwa urahisi zaidi kabla wimbo haujapendwa.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Kwa nini Paramore waliacha kuuimba Misery Business, wimbo uliowapa jina, kisha wakaurudia? Je, msanii ana haki ya kuukana wimbo wake?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba. Wimbo huo ndio uliotangulizwa kuitangaza Riot!, nao ukafika nafasi ya 26 katika Billboard Hot 100, orodha ya nyimbo zinazoongoza Marekani. Williams aliandika maneno yake akiwa bado kijana wa shule kwa umri, kuhusu mvulana aliyempenda na msichana aliyeonekana kumzuia, na katika ubeti wa pili mna tusi linalomdhalilisha msichana huyo kwa kuwa ni mwanamke. Miaka ilivyopita, tusi hilo likamkera mwandishi mwenyewe. Septemba 2018, jukwaani Nashville, alitangaza kwamba wangeupumzisha kwa muda, ingawa ndio wimbo ambao kwa kawaida shabiki mmoja alipandishwa jukwaani kuumalizia pamoja nao. Aprili 2022 aliuimba na mwimbaji Billie Eilish katika tamasha la Coachella, Marekani, na Oktoba mwaka huohuo bendi ikaurudisha katika maonyesho yake.

Kuhusu haki, naona anayo, na naona ameitumia vizuri. Hakuufuta wimbo wala kudai kwamba mwingine ndiye aliyeuandika. Aliacha ukae, akautazama upya, na hatimaye akauimba tena. Wala wimbo haukufa katika miaka hiyo ya ukimya. Mwaka 2021, Olivia Rodrigo, mwimbaji ambaye alikuwa mtoto mdogo Riot! ilipotoka, aliwaongeza Williams na Josh Farro katika orodha ya watunzi wa wimbo wake good 4 u, kwa sababu wasikilizaji wengi walikuwa wamesikia ndani yake mwangwi wa Misery Business.