Neno "unsightly" lilivyoniaibisha mbele ya mlinzi

Kwa miaka minne niliandika ripoti za majengo ya kupangisha hapa Dar es Salaam. Kazi yenyewe si ngumu. Unapanda ngazi na daftari, unatazama bomba linalovuja, taa iliyoungua, rangi iliyobanduka, kisha unarudi ofisini kuandika yote kwa Kiingereza kwa sababu mwenye jengo anaishi nje. Hapo kwenye Kiingereza ndipo nilipokuwa natoka jasho.

Katika ripoti yangu ya kwanza niliandika kwamba dari ya ghorofa ya tatu ni "ugly". Bosi akalizungushia kalamu nyekundu. "Dada, hii inakwenda kwa mwenye mali, siyo kwa shoga yako. Tafuta neno la ofisini." Nikafungua kamusi nikakutana na "unsightly", na pembeni maana yake: -baya, isiyopendeza. Nikalinakili nikiamini nimemaliza.

Kosa la kwanza lilikuwa la sarufi. Shuleni tulikaririshwa kwamba neno likiishia na -ly ni kielezi: quickly, slowly, badly. Basi nikaandika kwamba nyaya "hang unsightly" nje ya dirisha. Kumbe hiki ni kivumishi, kinataka nomino ya kuegemea: "unsightly wires". Siku hizi nina kipimo changu. Ondoa ile -ly uone kinachobaki. Kwenye quickly inabaki quick, ambayo ni sifa, kwa hiyo neno zima ni kielezi. Kwenye friendly inabaki friend, kwenye costly inabaki cost. Hizo ni nomino, na -ly ikikaa juu ya nomino mara nyingi huzaa kivumishi. Sight nayo ni nomino, mambo ya kuona kwa macho. (Usijaribu kipimo hiki kwa "ugly", utabaki na "ug" mkononi. Neno hilo Waingereza walilipata kutoka lugha ya kale ya Skandinavia, na mzizi wake ulihusu woga.)

Kosa la pili ndilo lililonifundisha neno lenyewe.

Mlinzi wetu wa usiku alikuwa na sare iliyochanika begani, na kola imechakaa mpaka nyuzi zinaning'inia. Nilitaka anunuliwe nyingine. Nikaandika: "The night guard is unsightly." Kisha, kwa akili zangu zote, nikamtuma yeye mwenyewe akanitolee kopi pale duka la pili. Sikujua kwamba mzee yule aliwahi kuwa karani bandarini miaka mingi, na Kiingereza anakisoma kuliko mimi.

Alirudi, akaweka karatasi mezani, akazinyoosha kwa kiganja. "Mwanangu," akasema, "kwa hiyo mimi sitazamiki?"

Nilitamani sakafu inimeze. "Nisamehe mzee wangu, nilimaanisha sare."

"Basi andika sare."

Alivyolitafsiri yeye ni bora kuliko kamusi yangu. Tatizo la -baya ni kwamba inabeba kila kitu: habari mbaya, chakula kibaya, mtoto mbaya, sura mbaya. "Unsightly" inajua macho tu. Mchuzi uliochacha hauwi "unsightly" kwa sababu ya ladha yake, wala tabia ya mtu haiwi hivyo. Lundo la taka mbele ya lango ndiyo, kwa jinsi linavyoonekana. Harufu yake itafutie neno jingine. Ukilishika kama "kisichotazamika", hulikosei tena.

Baadaye nilikuja kusoma kwa nini neno hili linauma likipachikwa kwa binadamu. Mwaka 1881 jiji la Chicago lilipitisha amri ya kuwazuia kujionyesha barabarani watu wenye maradhi, walemavu, au wenye maumbile yaliyoharibika kiasi cha kuwa kitu "unsightly or disgusting". San Francisco ilikuwa imetangulia kuweka amri ya namna hiyo mwaka 1867. Ile ya Chicago haikufutwa mpaka 1974. Maana yake ni kwamba karibu miaka mia moja mtu asiye na mguu, anayeomba riziki yake kando ya njia, aliweza kutozwa faini kwa kivumishi hikihiki nilichompachika mzee wa watu kwa sababu ya kola. Mimi sikutozwa faini, lakini nadhani nilistahili.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako unayejifunza Kiingereza cha ofisini: usilihifadhi neno peke yake kama shilingi kwenye kibubu. Lihifadhi na wenzake linaotembea nao. Wenzake "unsightly" ni doa, magugu, nyaya, mabomba yaliyoachwa wazi, nyufa, lundo la takataka. Kovu pia, lakini hapo nenda polepole. Mtu anaweza kulisema kuhusu kovu lake mwenyewe, wewe usimsemee. Mtu akiwa mchafu au amevaa ovyo, taja nguo, na ziite "untidy" au "torn". Kwenye maongezi ya kawaida baki na "ugly", maana ukilitoa "unsightly" mbele ya marafiki kwenye kahawa watakuuliza umeanza lini kugombea ubunge. Matamshi: gh ni bubu, sema an-sait-li, uzito uweke kwenye sait.

Zoezi langu lilikuwa la kwenye daladala. Nikiwa nimekwama kwenye foleni, natafuta nje vitu vitatu visivyotazamika na kuvitungia sentensi kichwani. Foleni za Dar zikikutosheleza kwa jambo lolote, ni hilo.

Ripoti niliiandika upya jioni ileile. "Unsightly water stains on the ceiling" ikabaki, bosi hakuigusa. Ya mlinzi ikawa "torn uniform". Sare mpya ilifika baada ya wiki tatu. Mzee akaja mpaka mezani kwangu asubuhi akitoka zamu, akageuka mbele na nyuma taratibu kama bwana harusi.

"Haya, karani. Natazamika?"