Partisipio za Kilatini: anzia kwenye ngeli

Mwaka wangu wa kwanza seminari ndogo, mwalimu aliandika ubaoni maneno matatu ya Nasadiki, sala ya kuungama imani katika Misa: *genitum, non factum*. Akauliza kwa nini *genitum* inaishia na -um. Nikanyoosha mkono upesi: ni jinsia ya kati, kama *bellum*, vita. Akaniambia nirudi juu, neno kwa neno, mpaka nikakutana na *Dominum*. *Credo … et in unum Dominum*. Kihusishi *in* kimemweka Bwana katika akusativo, umbo la nomino linaloishia hapa na -um, na *genitum*, ingawa iko mbali naye, imechukua mwisho uleule kwa kuwa inamsema yeye. Ndilo “aliyezaliwa bila kuumbwa” tunalosali kila Jumapili.

Wewe unayeanza, nakuomba usipitie Kiingereza. Upatanisho unao tayari mdomoni, na partisipio kwetu ni kitenzi chenye kirejeshi: *amans* ni anayependa, *amatus* aliyependwa, *amaturus* atakayependa. *Amandus* ni anayepaswa kupendwa.

Hapa ndipo wengi hukwama: wanadhani miisho lazima ifanane kwa sura. Hapana. *Nauta*, baharia, yumo katika deklinasio ya kwanza, yaani kundi la kwanza la nomino kwa miisho yake, pamoja na *rosa*, waridi, la jinsia ya kike, ila yeye ni wa jinsia ya kiume, hivyo baharia aliyesifiwa ni *nauta laudatus*, si *nauta laudata*. Mbona sisi husema “kiongozi aliyechaguliwa”, wala hatusemi “kilichochaguliwa”? Umbo ni la ki-, upatanisho ni wa mtu. Siku nilipoliona hilo, madaftari ya miezi mitatu yalifunguka.

Nomino nayo usiikariri peke yake. Ukiandika *nox*, andika na *noctis* yake, maana shina la usiku, noct-, limejificha kwenye genitivo, umbo lenye maana ya “wa” au “ya”. *Amans* vilevile: *amantis*.

Kisha chukua kalamu ya rangi, soma Nasadiki yote, na kwa kila partisipio chora mstari hadi kwenye nomino yake. Mwishoni utafika *resurrectionem mortuorum*, ufufuko wa wafu, na kalamu itakosa pa kwenda. Usihangaike kutafuta. *Mortuus* ni partisipio ya *morior*, kitenzi chenye umbo la kutendwa na maana ya kutenda: aliyekufa. *Mortuorum* ni “wa waliokufa”, na waliokufa, kwa Kilatini kama kwa Kiswahili, husimama wenyewe bila nomino.