Nepi inayonuka mtoto akikojoa tu: usikimbilie dawa, rudi kwenye ufuaji

Dada, umeuliza mambo matatu. Nepi za pamba zinaanuliwa kambani hazina harufu, lakini mtoto akikojoa mara moja tu zinatoa harufu kali inayochoma pua. Mtoto wa miezi saba ameanza kuwa mwekundu makalioni. Na je, uongeze dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia? Naanza na hilo la mwisho: usiongeze. Dawa inayowekwa juu ya uchafu inamalizwa na uchafu huohuo kabla haijamfikia mdudu, kisha mabaki yake yanabaki kwenye kitambaa na kumchoma mtoto ambaye ngozi yake imeshaanza kuumia.

Harufu hiyo ni amonia. Mkojo ukitoka mwilini hauna harufu hiyo, una yurea, na bakteria ndio wanaoivunja yurea ikawa amonia. Kazi hiyo huchukua muda, ndiyo maana nepi iliyotakata kweli hainuki hivyo mara tu mtoto anapokojoa. Yako inanuka ndani ya dakika chache kwa sababu mabaki ya mkojo na bakteria yalikuwa yamekauka ndani ya nyuzi, yakisubiri tu kulowa. Juani hayanuki kwa kuwa ni makavu. Upele nao unahusika hapo hapo: amonia inaondoa ile tindikali ndogo inayolinda ngozi, na ikiondoka, vimeng'enya vya kinyesi vinapata nguvu ya kuila ngozi.

Kabla ya kubadili chochote, pima. Chukua nepi moja kavu uliyoiona ni safi, itandaze mezani, dondosha tone moja la maji katikati. Kitambaa kisicho na tatizo kinalinywa tone papo hapo na doa linatambaa pande zote. Tone likikaa juu limeviringika kama linavyokaa kwenye jani la muhogo, kuna mafuta au utando wa sabuni. Kisha iweke nepi hiyo kwenye bakuli, mimina maji ya moto, na unuse mvuke wake ukiwa mbali kidogo. Ukisikia amonia, mkojo haujatoka. Maji yakiwa na utelezi na mapovu, husuuzi vya kutosha. Majibu yakiwa mawili kwa pamoja usishangae, mara nyingi yanakwenda pamoja.

Sasa ufuaji wenyewe. Sehemu inayoharibu zaidi ni ile ya mwanzo, ambayo watu huiruka kwa haraka.

Mtoto wa miezi saba ameshaanza kula, kwa hiyo kinyesi lazima kiingie chooni kabla nepi haijaingia kwenye ndoo. (Cha mtoto anayenyonya tu huyeyuka kwenye maji, hakina shida.) Kilichoganda kisukume kwa maji ya kata ukiyamimina kutoka upande wa nyuma wa kitambaa, yatoke na uchafu, ukimimina upande wenye kinyesi unauzamisha ndani ya nyuzi. Maji yawe ya baridi. Ya moto yanapika protini ya kinyesi ikashika kitambaa, kama ute wa yai unavyoganda kwenye sufuria. Nepi ya usiku isuuze asubuhi hiyohiyo, ndiyo yenye mkojo uliokolea kuliko zote.

Kisha zikae kavu kwenye ndoo yenye mfuniko usiobana, siku mbili, ikizidi sana tatu. Usiziloweke. Ndoo ya maji yenye nepi chafu kwa siku nzima ni kitalu cha bakteria, na kwa mtoto anayeanza kutambaa ni hatari ya kuzama. Maji ya kina cha sentimeta chache tu yanatosha.

Siku ya kufua, kwa mkono, weka nepi kumi kwa beseni na usizidishe. Kwanza zisuuze kwa maji ya baridi lita 10, kamua, mwaga, rudia mpaka maji yasiwe na rangi ya njano. Kwa kawaida ni mara mbili, zikiwa za usiku ni tatu. Baada ya hapo fanya ufuaji mfupi wa maji ya vuguvugu na kijiko kikubwa kimoja cha sabuni ya unga, dakika tano, mwaga. Maji yatakayotoka hapo yatakuonyesha kwa nini ufuaji mmoja hautoshi. Bila hatua hii sabuni yako yote inatumika kupambana na mkojo, haibaki ya kufulia.

Ndipo uje kwenye ufuaji mkuu. Lita 5 za maji ya bomba na lita 5 zilizochemka zinakupa takriban nyuzi 60 za Selsiasi. Tangulia na ya baridi, ya moto yafuate, beseni lisilainike na maji yasikurukie. Mtoto awe mbali kabisa wakati huo. Weka sabuni ya unga gramu 40 hadi 50, yaani vijiko vikubwa vitatu na ushee, ikoroge iyeyuke, halafu ingiza nepi. Koroga na kuzikandamiza kwa mti kwa dakika kumi mfululizo. Joto na msuguano ndivyo vinavyong'oa uchafu, sabuni peke yake hailali na nepi ikazitakatisha. Ziache nusu saa maji yapoe, vaa glavu, fikicha moja moja, ukikazia sehemu ya katikati na kwenye mishono. Suuza mara tatu kwa maji mengi. Kipimo cha kusimama si povu kuisha tu: kamua kona ya nepi kati ya vidole, kukiwa na utelezi, bado hujamaliza kusuuza.

Kuhusu sabuni yenyewe, umesema unatumia ya mche peke yake kwa kuwa unaiona haina kemikali. Inafaa sana kwa kufikicha doa. Kwa ufuaji mzima, hasa kama maji yako ni magumu, yale yasiyotoa povu haraka, inaungana na kalsiamu ya maji na kuwa ule utando wa kijivu unaouona ukingoni mwa beseni. Utando huohuo unajipaka kwenye nyuzi, nepi inaanza kukataa maji, na mkojo wa zamani unafungiwa ndani. Ningeweka dau kwamba tone lako litakaa juu. Sabuni ya unga haifanyi hivyo. Dawa ya kulainishia nguo inafanya vibaya zaidi, iache kabisa. Ugumu wa nepi iliyokauka juani unaondoka ukiikung'uta na kuifikicha ikiwa kavu kwa dakika moja. Krimu ya makalioni yenye mafuta nayo inaziba kitambaa, kwa hiyo ukimpaka, tandika kipande cha kitambaa chembamba juu ya nepi na ukifue peke yake.

Kwa hizo ulizonazo sasa, kabla ya kuanza utaratibu mpya, zisafishe mara moja kutoka ndani. Kama ni pamba tupu, bila lastiki wala plastiki, zifue kama nilivyoeleza mara mbili mfululizo, kisha zichemshe kwenye sufuria kubwa dakika kumi tangu maji yaanze kutokota, bila sabuni. Utaona maji yanageuka meupe na mapovu yanapanda. Huo ni utando unaotoka. Yakitoka mengi, badilisha maji, chemsha tena.

Ukitaka kuua vijidudu kwa klorini, hapa ndipo mahali pake, baada ya kufua na kusuuza, si kabla. Soma asilimia kwenye chupa. Iliyo na asilimia 3.5, weka mililita 145 kwenye maji ya baridi mpaka ujazo ufike lita 10. Ya asilimia 5, mililita 100. Hiyo ni nguvu ya asilimia 0.05. Zamisha dakika 30, suuza mpaka harufu iishe. Tafadhali usiimwage kwenye nepi yenye mkojo, maana klorini na amonia hutoa gesi ya kloramini inayochoma mapafu, na usiichanganye na siki kwa kuwa inatoka gesi ya klorini yenyewe. Fanyia nje au dirisha likiwa wazi. Baada ya hapo ibakie ya siku za kuhara tu, kwa sababu ikitumika kila wiki inaila pamba mpaka inachanika kwa kidole.

Wenye mashine, mambo ni mafupi: suuza kwa baridi kwanza, halafu nyuzi 60 kwa mzunguko mrefu, sabuni kipimo cha nguo chafu sana, ngoma ijae theluthi mbili. Ikijaa pomoni nepi hazigeuki, na zikiwa nne tu hazisuguani. Mzunguko wa dakika 30 haufui nepi.

Nepi za kisasa zenye mfuko na vishikizo zina masharti yake. Toa pedi ya ndani kabla ya kufua, maana ikibaki mfukoni katikati yake haipati maji. Kava, yaani ganda la nje lisilopitisha mkojo, lina utando mwembamba wa plastiki uliogandishwa kwenye kitambaa. Ukilichemsha, ukalipiga pasi au kuliweka klorini, utando unabanduka na mkojo unapita. Fuata joto la lebo, mengi ni nyuzi 40. Usilisokote kulikamua, likandamize. Kava lianikwe kivulini penye upepo na pedi juani. Pedi za pamba au mianzi zikiwa mpya hazinywi vizuri mpaka zifuliwe mara kadhaa kuondoa mafuta ya asili, kwa hiyo usizilaumu wiki ya kwanza.

Kuanika. Jua kali linakausha, linaua baadhi ya vijidudu na linapausha madoa, na doa linapauka zaidi nepi ikianikwa ikiwa bado mbichi. Ila doa la njano kwenye nepi inayopita kipimo cha tone na cha mvuke si uchafu, usijitese nalo. Kinachohitaji macho ni unyevu. Gusa mshono mnene kwa mdomo wa juu, unahisi ubaridi ambao vidole havihisi; ukiwa na ubaridi, haijakauka, na ukiikunja hivyo unakaribisha ukungu. Kama uko kwenye maeneo yenye nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi, usitandaze nepi kwenye majani wala ardhini, na za pamba zipige pasi ya moto pande zote mbili pamoja na mishono. Funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto.

Huo wekundu: badilisha nepi kila baada ya saa mbili na mara tu anapojisaidia, muoshe kwa maji matupu, mkaushe kwa kugusagusa, mwache wazi kidogo kila siku. Ukiwa wa amonia unaanza kupungua ndani ya siku mbili tatu. Ukiwa mwekundu wa kukolea, umeingia mpaka kwenye mikunjo ya mapaja na una vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni, hiyo ina dalili za fangasi. Kufua peke yake hakutaiponya, mpeleke kliniki, na wakati wa matibabu chemsha nepi za pamba kila ufuaji. Malengelenge, usaha au homa ni kwenda siku hiyohiyo.

Jambo moja ambalo hukuuliza. Nepi ndogo alizoziacha, kama unamwekea atakayefuata, zikunje zikiwa kavu kabisa kwenye mfuko wa kitambaa, na usiweke humo vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuza nondo na mende. Naftalini inaingia kwa ngozi na kwa pumzi, na mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao wengi hawajui kama wanao, inaweza kumvunja chembe nyekundu za damu akapata manjano makali. Kama zilishawekewa, usimvalishe mtoto mchanga nepi yenye hata harufu kidogo ya vidonge hivyo.