Pagale la jirani: kabla hujaandika lalamiko

Miaka minne nimelala ukuta kwa ukuta na nyumba isiyo na mtu. Haikuharibika kwa siku moja. Kwanza taa ya barazani iliungua, hakuna aliyeibadilisha. Mvua zikanyesha, majani yakapanda hadi usawa wa dirisha. Mwaka uliofuata geti liling'olewa usiku, na kulipokucha watu walikwishapafanya njia ya mkato. Mwaka wa tatu nilichungulia tenki lililobaki wazi nyuma ya jiko: viluwiluwi wa mbu walikuwa wengi hata maji yenyewe yalionekana yanatetemeka.

Lalamiko langu la kwanza lilikuwa kurasa tatu za hasira. Nyumba ni aibu, inashusha hadhi ya mtaa, wenyewe hawana utu. Miezi ikapita kimya. Nilipokwenda kuuliza, karani wa masijala aliligeuzageuza, akanitazama juu ya miwani: "Mzee wangu, hapa unamshtaki nani, na kwa kosa gani?"

Sikuwa na jibu, ndipo nikaanza kujifunza.

Kuchakaa peke yake mara nyingi si kosa. Rangi iliyobanduka na bati lenye kutu vinaweza kukukera kila asubuhi na bado mwenye nyumba asiwe amevunja chochote. Sheria za kupanga matumizi ya ardhi zimekua zikimwangalia jirani anayeumia. New York ilipopitisha kanuni zake mwaka 1916, mojawapo ya mambo yaliyoisukuma ni jengo la Equitable, lililokamilika mwaka mmoja kabla, ambalo kivuli chake kilifunika majengo ya jirani. Siku hizi, kabla ya kuandika sentensi, najiuliza: kivuli cha nyumba hii kinaniangukia wapi?

Nilichukua karatasi nikaichora safu tatu. Ya kwanza niliandika maji yaliyotuama, panya na takataka: hayo ni ya watu wa afya. Ya pili, ukuta wa nyuma ulioinama kuelekea upande wangu: huo ni wa mhandisi wa majengo. Ya tatu ndiyo nilikuwa sijaiona kabisa. Kuna mtu alikuwa ameanza kurundika vyuma chakavu uani na kuvipima hapo hapo kwa mizani. Eneo limepangwa kuwa makazi, na biashara hiyo haina kibali; hilo ni la mipango miji. Wewe utakuwa na safu zako, na majina ya ofisi hutofautiana, ila usizitupe zote kwenye barua moja. Barua ya mambo matatu husubiri idara tatu zikubaliane nani aanze. Kwangu, ile ya vyuma ndiyo iliyotembea haraka, kwa sababu picha moja na ramani ya mpango vilitosha kuonyesha tatizo.

Kuhusu picha: piga ukiwa upande wako au barabarani, usiruke ukuta. Piga kitu kile kile, kutoka pale pale, kila wiki, na uandike tarehe. Picha sita za tenki moja zina nguvu kuliko picha sitini za uchafu wa kila namna. Na kwa mbu, usiombe tu "usafi". Kwenye joto mbu hutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10 hivi, kwa hiyo tenki lililomwagwa leo likaachwa wazi litakurudishia mbu baada ya mvua chache. Aedes, anayeeneza dengi, ana ukaidi zaidi: mayai yake hunata kwenye kuta za chombo na huweza kustahimili ukavu kwa miezi. Andika unachotaka: tenki limwagwe, lisuguliwe, lifunikwe.

Omba kidogo kinachotekelezeka. Mimi nilianza kwa kudai nyumba ibomolewe, na naona haya nikikumbuka. Kubomoa nyumba ya mtu huhitaji mchakato mrefu, na ni haki uwe mrefu. Kufyeka, kuziba milango na kuondoa taka ni kazi ya siku chache, na faida yake si macho tu. Huko Philadelphia watafiti walijaribu jambo hili kwenye viwanja 541 vilivyotelekezwa: vingine walivisafisha, wakapanda nyasi na miti, wakaweka uzio mfupi wa mbao. Kwa matokeo waliyochapisha mwaka 2018, kwenye mitaa maskini zaidi matukio ya risasi yalipungua kwa asilimia 29. Kusafisha, nyasi, miti na uzio tu!

Barua peleka nakala mbili, moja ipigwe mhuri wa kupokelewa urudi nayo. Omba namba ya jalada. Bila namba, kila ukienda unaanza hadithi upya kwa mtu mpya.

Lakini kitu kilichobadilisha kila kitu hakikuwa barua. Ilikuwa kumtafuta mwenye nyumba, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. Kumbe mwenyewe alishafariki na watoto wanne wako kwenye kesi ya mirathi. Nilimfikia dada mkubwa. Nilikwenda nimejiandaa kugombana, akanikaribisha ndani, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Jirani yangu, mimi nikifyeka leo, kesho wadogo zangu watasema nimeanza kujimilikisha."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Hakuna kati ya wanne anayethubutu kugusa jembe, kwa sababu kugusa ni kudai. Nikamwambia nimeshaandika, na notisi ikitoka itawahusu warithi wote. Alishusha pumzi. "Basi na itoke," akasema. Alihitaji karatasi yenye mhuri ambayo hakuna mdogo wake angeweza kuiita hila yake. Kwa hiyo ukiandika, usiandike kama mtu anayetaka adui yake aadhibiwe. Huenda upande wa pili wa ukuta kuna mtu anayeisubiri notisi ile kuliko wewe.

Ilitoka, na muda wa kutekeleza. Muda ulipopita, ikatoka ya pili, yenye onyo kwamba mamlaka itasafisha yenyewe na gharama iandikwe kwenye deni la nyumba. Hiyo ndiyo iliyowakutanisha wanne uani siku moja, kila mmoja na panga lake, wakifyeka bila kuongea.

Sasa onyo ambalo hakuna aliyenipa. Mkaguzi akija kwa jirani, macho yake hayaishii kwa jirani. Yule afisa wa mipango miji alimaliza kuandika habari za vyuma chakavu, akasimama kwenye geti langu, akanyoosha futi yake kutoka katikati ya barabara hadi kwenye banda langu la kuku. "Mzee, hili nalo lina kibali?" Lilikuwa limeingia mita moja na nusu ndani ya hifadhi ya barabara. Notisi yangu ilikuja wiki ile ile, yenye mhuri ule ule. Mbao nilizibeba mimi na yule dada mkubwa, tukaziegemeza kwenye ukuta wao, ule ulioinama, ambao mhandisi bado hajaja kuuona.