Barua kwa mwanangu: Safari ya Katavi hupangwa kwa kufuata maji

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mpanda. Sisi huku hatujambo, na barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza kama mnaweza kuja na watoto mwezi wa Aprili, katika likizo ya Pasaka, ili twende pamoja Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Umeniambia pia kwamba ulisoma habari za Okavango kule Botswana, ambako wageni hupenda kwenda maji yanapojaa, ukaona kwamba na kwetu huenda ikawa vivyo hivyo. Nakujibu kwa urefu, kwa sababu ardhi inayofurika na kukauka kila mwaka ina ratiba yake yenyewe, na mtu akikosea mwezi hurudi nyumbani akiwaambia wenzake kwamba hifadhi haina wanyama.

Okavango na Katavi hupata maji kwa njia tofauti. Mafuriko ya Okavango chanzo chake ni mvua za nyanda za juu za Angola, ambazo hunyesha tangu Novemba hivi hadi Machi; maji hayo huteremka kwa mito ya Cubango na Cuito, kisha husambaa polepole katika ardhi tambarare mno, hata yakaufikia mji wa Maun mwezi wa Juni au Julai, wakati ambapo huko hakuna mvua kabisa. Wanyama waliochoshwa na ukame huyafuata maji hayo, na mgeni huwakuta hapo hapo. Kwetu mvua na mafuriko huja pamoja. Mto Katuma huanza kujaa baada ya mvua za Novemba, ukamimina maji katika Ziwa Katavi, ukaenea katika uwanda wa Katisunga hadi Ziwa Chada, na kutoka hapo maji hushuka kwa Mto Kavuu kuelekea Ziwa Rukwa. Maziwa hayo mawili ya hifadhini ni ya msimu: masika utayaona ni maji matupu, na kiangazi kikikolea utakuta nyasi na tope lililopasuka, nyati wakipita katikati.

Sasa fikiri Aprili ilivyo. Kila dimbwi la msitu wa miombo lina maji, kwa hiyo tembo na nyati hawana sababu ya kuukaribia mto. Wametawanyika, na nyasi zimekuwa ndefu kiasi cha kumficha simba aliye hatua chache tu kutoka barabarani. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa hunasa hata gari la magurudumu manne, na kambi nyingi za mahema huwa zimefungwa. Mpenzi wa ndege anaweza kufurahia majira hayo, nami sitambishia, lakini sioni faida ya kuwasafirisha watoto kutoka Dar es Salaam waje kukaa ndani ya gari lililozama.

Katavi yenyewe ni ya Septemba na Oktoba. Simama karibu na daraja la Ikuu mwishoni mwa Septemba uangalie chini: viboko wamebanana ndani ya tope hadi mbavu zao zinagusana, na mmoja akitaka kugeuka, kundi zima hunguruma na kusukumana kabla halijatulia tena. Tope lililowakaukia mgongoni limepasuka vipande vipande, na ndege wadogo hutembea juu yake wakidonoa. Madume hupigania nafasi, na utaona makovu mapya yenye damu mabegani mwao. Mamba nao huingia katika mapango ya kingo za mto, wakalala wamerundikana humo kwenye kivuli, wakiingojea mvua. Nyati, pundamilia, nyamera, kuro na twiga hulazimika kuja kwenye maji yaliyobaki, na simba wanalijua hilo kuliko sisi. Hapo ndipo utakapofahamu kwa nini wapo watu wanaovuka nchi nzima kuja kwenye hifadhi hii ya kilomita za mraba 4,471 inayotembelewa na wachache mno.

Hata hivyo, nataka wajukuu zangu waelezwe ukweli wote wa kile watakachokiona. Kubanana kule si kazi ya jua peke yake. Huku juu ya hifadhi mto hukingwa kwa mabanio ili kumwagilia majaruba ya mpunga, na maji yanayofika chini hupungua mapema kuliko yanavyostahili. Wakulima wana haki ya kulima na kulisha watoto wao, na sitaki mtu awadharau. Lakini banio linaloziba mto mzima, bila kuacha hata mfereji mdogo wa kupitisha maji, linawanyima wanyama, na linawanyima pia watu wa vijiji vya chini. Jambo hilo linaniuma, na ningependa watoto walisikie wakiwa wamesimama pale pale.

Kwa kuwa watoto wanasoma, ushauri wangu ni huu. Kama mngekuwa wawili, wewe na mwenzako, ningesema njooni mwishoni mwa Septemba. Pamoja na watoto, njooni mwanzoni mwa Julai, kabla likizo ndefu haijaisha: barabara za ndani huwa zimekauka, nyasi zimeanza kulala, na wanyama wameanza kusogea mtoni, ingawa viboko hawajabanana kama nilivyoeleza. Aprili iacheni.

Mkija kwa ndege, ulizeni ratiba ya Mpanda mapema, kwa kuwa hubadilika. Treni ya kupitia Tabora na Kaliua ni ya mwendo mrefu, lakini watoto wataipenda. Kutoka hapa mjini hadi lango la Sitalike ni chini ya kilomita 40, na viboko mtawaona mtoni hapo hapo kijijini kabla hata hamjaingia hifadhini. Msibebe fedha taslimu za kiingilio, kwani TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hawazipokei langoni. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2019, basi fungeni vitu kwa vitambaa.

Jambo la mwisho ni mbung'o, wale inzi wanaoambukiza malale. Msituni wapo wengi, hufuata gari linalotembea, na huvutwa sana na nguo za buluu na nyeusi. Dawa za kupaka haziwazuii sana. Walete watoto na nguo za rangi ya khaki zenye mikono mirefu, na tukipita miombo tutafunga vioo hadi tutokee uwandani. Vyandarua vya kuzuia mbu tutavitumia kila usiku, na yeyote atakayepata homa baada ya safari aende hospitali haraka, amweleze daktari kwamba alikuwa Katavi.

Niandikie tarehe kabla mwezi huu haujaisha, ili niulizie mabanda ya TANAPA ya Sitalike na gari lenye paa la kufunguka. Mwambie mkwe wangu alete darubini yake.

Ni mimi mama yako